Chupa Iliyoitwa Mzima

Jumapili watu wengine huenda kwa ndugu zao. Mtafiti alikwenda kulisha seli.

Si kwamba hakuwa na ndugu. Alikuwa naye mmoja, dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa pili, mwendo wa asubuhi moja tu. Lakini seli hazijui Jumapili wala sikukuu. Ukizisahau zinanywea, ukizidi kuzisahau zinakufa, na ukizikuta zimekufa hakuna wa kukupa pole. Kwa hiyo kwa miaka mingi mama huyu alikuwa na udhuru mzuri kuliko wa mtu yeyote mjini, na aliutumia mpaka ukachakaa. Harusi ilipita, udhuru ukatumika. Mtoto wa jirani wa zamani akabatizwa, udhuru ukatumika tena. Mwisho watu wakaacha kumwalika, naye akasema kimoyomoyo kwamba afadhali, maana kazi ni nyingi.

Chumba cha kulishia kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Kulikuwa na meza yenye kioo mbele na feni inayovuma juu yake, stuli ya magurudumu ambayo gurudumu lake moja lilikwama zamani, na kabati la joto ambalo ndani yake hali ya hewa ni ileile ya mwili wa binadamu. Humo zililala chupa bapa, kila moja na maji yake ya rangi ya waridi. Maji yakigeuka manjano, ujue wenye chupa wana njaa. Mtafiti alikuwa akiwasemesha. "Haya, nani leo kamaliza chakula chake?" Hakuna aliyejibu, wala yeye hakuwa amechanganyikiwa kiasi cha kungoja jibu. Ingawa, tuseme kweli, baada ya kuuliza alikuwa ananyamaza kidogo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza, ila hakuwa na wa kumweleza. Ndani ya kila seli ya mtu kuna DNA, na DNA hiyo hukatikakatika kila siku: kwa jua, kwa moshi, kwa uzee, hata bure tu. Tunaishi kwa sababu zipo jeni ambazo kazi yake ni kukarabati, kuunga kilichokatika kabla hakijaleta balaa. Jeni hizo zikiwa na kasoro, mikato inabaki wazi, na hapo ndipo saratani inapopata mlango. Mtafiti alishughulika na jeni moja tu ya namna hiyo, tangu nywele zake nyeusi mpaka zilipoingia mvi. Jeni husomeka kama maandishi, na watu huzaliwa na tofauti ndogondogo katika jeni ile, herufi moja hapa, herufi moja pale. Nyingi hazina neno. Chache zinaua. Kazi yake ilikuwa kusema ipi ni ipi.

Alifanya hivi. Alichukua damu ya mtu mwenye tofauti fulani, akaotesha seli zake chupani, akazipiga mionzi ili DNA ikatike, kisha akazitia rangi ambayo hufanya kila mkato ung'ae chini ya hadubini kama kidoa cha kijani. Halafu alisubiri. Seli nzuri hujikarabati na vidoa hufifia. Seli zenye kasoro hubaki na vidoa vyake. Alivihesabu, akalinganisha na seli za mtu mzima wa afya, akaandika katika jedwali lake: tofauti hii ina madhara, hii haina. Madaktari wa nchi nyingi walilisoma jedwali hilo kabla ya kumwambia mgonjwa neno lolote. Mambo hayo huitwa athari ya utafiti, na Mkurugenzi wa taasisi aliyapenda kuliko chai ya saa nne. Wafanyakazi walimwita Bwana Athari, akiwa hayupo lakini.

Sasa, yule mtu mzima wa afya alikuwa nani?

Hapo zamani, mtafiti akiwa bado mwanafunzi, maabara ilihitaji damu ya mtu asiye na ugonjwa. Nani achomwe? Katika maabara nyingi jibu ni moja: aliye karibu na sindano. Msichana akakunja mkono wa shati, akatoa damu, seli zikaota vizuri ajabu. Chupa ikaandikwa "Mzima", na jina likashika. Kanuni inataka wazima kadhaa, si mmoja, na mwanzoni kweli walikuwepo wengine. Mmoja akaota ukungu. Mwingine akadhoofika bila sababu. Mzima yeye aliendelea tu kuzaana, akagandishwa, akayeyushwa, akapelekwa hata kwa maabara za mbali zilizomwomba. Waliochoma sindano ile walistaafu. Waliobaki walijua chupa, hawakujua mkono. Mtafiti alijua, bila shaka, lakini alijua kama unavyojua tarehe yako ya kuzaliwa: hukai ukaitafakari.

Mwaka ambao taasisi ilipanga kumpa tuzo ya athari, kabati la joto liliharibika na chupa zote za Mzima zikafa. Waliogandishwa walikuwepo, lakini kuwaamsha huchukua muda. Basi kwa kungojea, mtafiti akaagiza seli za wazima wengine, watu asiowajua, kutoka kwenye hazina ya seli. Akazipiga mionzi, akasubiri, akaangalia.

Vidoa vilikuwa vimekwisha karibu vyote.

Alikasirika. Alizoea kwamba hata mzima hubakiwa na vidoa kadhaa; ndivyo alivyoandika, ndivyo alivyofundisha. Akasema mashine ya mionzi imelegea. Akaipima, haikulegea. Akasema rangi imechacha. Akafungua rangi mpya, mambo yakawa yaleyale. Mzima wa kwenye barafu alipoamka, akawaweka wote pamoja, mtihani mmoja, siku moja. Wageni wote wakafaulu. Mzima akabaki na vidoa vyake, kijani kibichi, vinamwangalia.

Mtu mwingine yeyote angeelewa palepale. Mtafiti alizunguka wiki nzima, kwa sababu alijipenda, kama sisi sote. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mwisho akafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa miaka mingi iliyopita na ambalo halikumjia mtu kichwani, maana nani anamchunguza mzima? Aliisoma jeni ya Mzima herufi kwa herufi.

Herufi moja ilikuwa si yenyewe. Na aliijua. Aliwahi kuiona mara moja tu, katika damu ya dada yake.

Mama yao alikufa kwa saratani ya titi, na baada ya msiba hospitali ya kule mjini kwa dada ikampima dada. Wakakuta tofauti katika jeni ileile, tofauti ambayo haikuwa katika vitabu. Dada akatuma damu kwa mdogo wake, kwa nani tena? Mtafiti akaiotesha, akaipiga mionzi, akailinganisha na Mzima. Zikatoka sawasawa, kama pacha. Jioni ileile akampigia simu. "Dada, huna neno. Haina madhara kabisa. Usijisumbue na vipimo vya kila mwaka, utapoteza muda wako bure." Dada akasema, "Haya, asante." Mtafiti akaiandika katika jedwali, na siku hiyo alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa tuzo yoyote. Kwa mara ya kwanza kazi yake ilikuwa imeifaa nyumba yao.

Kumbe alikuwa amempima dada yake kwa kumlinganisha na yeye mwenyewe. Wote wawili walikuwa na ufa mmoja, aliowaachia mama, na ufa ukipimwa kwa ufa unaonekana ukuta umenyooka.

Alikaa juu ya stuli yenye gurudumu bovu. Feni ilivuma. Hakuwaza jedwali, si mwanzoni. Aliwaza miaka yote ile ambayo dada amekaa bila kupimwa, kwa neno lake. Kama ugonjwa umeingia, yeye ndiye aliyeufungulia mlango na kumwambia mwenye nyumba alale. Akaogopa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia naogopa.

Siku hiyohiyo aliwaandikia watunza jedwali waifute ile "haina madhara", na kwamba kila kilichopimwa kwa Mzima kipimwe upya. Kesho yake akaenda kwa Mkurugenzi.

"Subiri kidogo," alisema Mkurugenzi baada ya kusikiliza. Ofisi yake ilikuwa na zulia, na kwenye meza kulikuwa tayari na mfano wa kadi za mwaliko. "Sikatai. Kosa ni kosa. Lakini tuzo ni mwezi ujao. Tukishamaliza sherehe, tunaandika taratibu, kwa lugha nzuri. Fikiria athari yake kwa taasisi."

"Nimeshatuma, mzee. Tangu jana."

"Umetuma! Bila hata kunigusia?"

"Ningekugusia ungeniambia nisubiri."

Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Na tofauti hii yenyewe, watu wangapi wameambiwa hawana neno?"

"Sijui bado. Wanatafutwa. Ninayemjua ni mmoja."

"Nani?"

"Dada yangu."

Bwana Athari akasukuma kikombe chake cha chai, ambacho hakuwa amekigusa, mpaka upande wa mtafiti.

Mtafiti alijaribu simu. Alibonyeza namba, akakata kabla haijaita. Simu zao yeye na dada zilikuwa za sikukuu kwa sikukuu: hujambo, sijambo, huko kukoje, haya tuwasiliane. Katika simu ya namna hiyo utaanzia wapi kusema habari kama hii? Jumapili akafunga mlango wa chumba cha kulishia bila kuingia, akaenda stendi. Seli zilishinda na njaa.

Dada alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwenye nyumba ndogo ya ukuta mweupe na kibaraza. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na hata baada ya kustaafu watoto walimletea madaftari yao ayasahihishe. Kalamu nyekundu haikumtoka sikioni. Alipofungua mlango na kumwona mdogo wake amesimama na mkoba, akashika kizingiti.

"Kitinda! Nani kafa?"

Kitinda ndilo jina lake la nyumbani, maana alizaliwa wa mwisho.

"Hakuna aliyekufa, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Hakuna, kweli? Basi ingia, umenitoa roho. Wewe ukija hivihivi bila msiba nitakuweka wapi mimi?"

Alicheka mwenyewe, akaenda kuweka maji ya chai jikoni. Mtafiti alikaa kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yamepangika vizuri, lakini dada alipokaa mbele yake na kukunja mikono kifuani kama anayesikiliza mtoto aliyechelewa shule, mpango wote ulivurugika. Akasema ovyoovyo. Mzima, vidoa, herufi, mama. Akasema, "Nilikuambia huna neno, dada, na si kweli. Una neno. Nilikosea. Nimekuja kukuomba msamaha na kukupeleka hospitali kesho, upimwe, kama bado..."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi sijaacha kupimwa hata mwaka mmoja," alisema dada.

Mtafiti alimtazama bila kuelewa. "Lakini nilikuambia usijisumbue."

"Uliniambia. Nami nikasema asante. Ulinisikia nimesema nimekubali?"

"Kwa nini, dada? Hukuniamini?"

"Kitinda, nimefundisha maisha yangu yote. Mwanafunzi hasahihishi daftari lake mwenyewe, hata awe na akili za kupindukia. Damu ya mama yetu, na wewe ndiye unayeisahihisha? Daktari wa hapa alinionyesha jedwali lenu. Akaniambia, bingwa wa dunia nzima anasema huna neno. Nikamwambia, bingwa huyo mimi ndiye niliyekuwa namfunga kamba za viatu, na alikuwa anasema ameoga wakati hajaoga. Niandikie kipimo."

Mtafiti akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akafunika uso kwa kiganja. Alishukuru Mungu. Na papo hapo aliumia, tusifiche. Maelfu ya watu wasiomjua waliiamini kazi yake neno kwa neno. Mmoja aliyemjua tangu utoto aliiona haifai, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa sahihi.

"Basi," alisema akijifuta machozi, "na hawajaona kitu?"

Dada alinyanyuka, akaleta chai, akaigeuza sinia ili mshikio wa kikombe uelekee kwa mgeni.

"Mwaka juzi waliona."

"Waliona nini?"

"Kitu kidogo, kama punje ya mchele. Titi la kushoto. Walisema nimewahi sana. Wakalikata titi, wakanipa dawa. Nywele zilikwisha zote, hizi unazoziona ni mpya. Hukuona zilivyo laini? Kila mtu anaziona."

Hakuwa ameona. Aliziangalia sasa kwa mara ya kwanza, fupi, laini, kama za mtoto mchanga, juu ya uso wa mwanamke mzee.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipiga simu siku ya sikukuu. Nilikuwa kitandani, nimetoka kwenye dawa asubuhi. Ukaniuliza huko kukoje, mvua imenyesha? Nikakuambia imenyesha."

Mtafiti aliikumbuka simu ile. Alikuwa ameipiga akiwa kwenye stuli, simu begani, mikono yake chupani, na aliikata upesi kwa sababu maji ya chupa moja yalikuwa yameanza kuwa manjano.

"Nani alikuwa na wewe?"

"Jirani. Huyo wa nyumba ya bluu. Ni mtu mwema, lakini anaongea sana. Nilikuwa natapika na yeye ananisimulia habari za mkwe wake."

"Ungeniambia, dada, ningejua siku ileile kwamba ile herufi—"

"Unaona?" Dada alisema bila ukali, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Hata sasa. Nimekuambia nilikatwa titi, na wewe uko kwenye herufi."

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira na mmoja alikuwa akilalamika kwamba haikuwa goli. Mtafiti aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Maswali yake yote ya maisha aliyauliza chupa, na alijua kuyauliza vizuri, kwa hadubini na kwa mionzi. La mtu hakujua aanzie wapi. Akaweka kikombe chini, akatoka kwenye kochi lake, akaenda kukaa ubavuni kwa dada, karibu mno kama walivyokaa walipokuwa wadogo.

"Iliuma?" aliuliza.

Dada akaitoa kalamu nyekundu sikioni, akaiweka mezani.

"Iliuma," alisema. "Siku ya kwanza hapana, walinipa dawa za usingizi. Siku ya pili nilimlilia mama. Mimi, mwalimu mkuu mzima! Nesi akafikiri nimechanganyikiwa. Nikakulilia na wewe pia, kama unataka kujua."

Akasimulia yote. Alisimulia mkono uliovimba, chakula kilichonuka chuma, kioo cha bafuni alichokifunika kwa taulo. Mtafiti hakumkatiza hata mara moja. Chai ilipoa na ngozi ya maziwa ikajikunja juu yake. Dada alipomaliza akavuta pumzi, na kisha, kama mwalimu yeyote aliyekumbuka swali ambalo darasa limelikwepa, akageuka.

"Hebu ngoja. Hizo seli za Mzima umesema ni zako wewe?"

"Ni zangu."

"Kwa hiyo na wewe unayo hiyo herufi."

"Ninayo."

"Na wewe umepimwa lini?"

Mtafiti alitaka kusema kazi ilikuwa nyingi. Udhuru ulikuja mpaka ulimini, ukamshinda.

"Sijawahi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mzima, dada."

Dada hakucheka. Alimshika mkono, ule uleule uliochomwa sindano zamani, ingawa hakujua kwamba ni ule.

"Kesho asubuhi tunakwenda. Mimi nawajua wote pale," alisema. "Uvae blauzi ya vifungo. Ya kuvulia kichwani itakusumbua, wanakuvua na kukuvika mara kumi."

"Sikuja na blauzi ya vifungo."

"Utavaa yangu."